Nyongeza ya Kumi na Saba

Lenny alitamka neno "nyongeza" mara kumi na nne kabla chai haijapoa. Nilihesabu, maana sikuwa na lingine la kusikiliza. Alikuwa ametoka Syokimau asubuhi ile ya Alhamisi, kavaa viatu vyeupe visivyojua tope, kuja kutufundisha sisi washamba wa ofisi ya mvua ya Machakos namna ya kutumia lugha tuliyoitumia miaka minane.

Lugha yenyewe ni ya safu. Mtu wa kawaida akiandika programu huiambia kompyuta ichukue namba hii, halafu ile, halafu nyingine. Katika lugha hii unaandika alama moja tu, na safu nzima ya namba inajumlishwa na nyingine kwa mkupuo. Ni lugha ya watu wasiopenda kupayuka. Kampuni ya Lenny ilikuwa imeichukua, ikaipachika vikorombwezo arobaini na ushei, walivyoviita nyongeza, ambavyo havifanyi kazi popote isipokuwa kwenye mtambo wao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimetembezwa mpaka Machakos.

"Hii version yetu iko na vitu noma sana, madam," alimwambia Bi Swabra, mkuu wetu. "Hata error zimeisha. Inajipanga yenyewe."

Bi Swabra anawajua watu wa Machakos nzima kwa majina ya babu zao, lakini kompyuta haijui hata kidogo. Alitikisa kichwa kwa adabu, kisha akanitazama mimi.

Kazi yetu si ngumu kueleza. Tuna watu thelathini na mmoja vijijini, kutoka Kithimani hadi Ndithini, kila mmoja na kipimo cha mvua uani kwake. Kila wiki, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, mtu hutuma namba saba, milimita za kila siku. Jumapili alfajiri programu inajumlisha, na mvua ikifika themanini, wakulima wa eneo hilo wanapata ujumbe kwenye simu: pandeni. Isipofika, wanaambiwa wangoje. Mbegu ikiingia kwenye udongo uliolowa juu tu, inachipuka, kisha jua linaimaliza. Mama yangu yuko Ndithini. Baada ya misimu miwili mibaya alikuwa amebakiwa na debe moja la ndengu za mbegu, na zaidi ya hizo hakuwa na kitu.

Kipimo cha Ndithini husomwa na Kaluki, Msabato kama sisi wengi wa upande ule. Kaluki hagusi kalamu Jumamosi hata gharika ije. Anatuma namba sita Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumapili asubuhi mimi humpigia simu anitajie ya Sabato. Miaka yote hiyo, programu ikikutana na safu yake ya namba sita, ilikataa katakata. Urefu haulingani, siendelei. Ilisimama kama punda hadi nimpate Kaluki, na niliipenda kwa hilo.

Lenny alitugawia vijitabu. Nilisoma changu huku yeye akiendelea kujisifu, nikafika nyongeza ya kumi na saba. Safu mbili zisipolingana, kilisema, ile fupi itajirudia kutoka mwanzo hadi itoshane na ndefu.

Nilisoma mara mbili. Maana yake namba sita za Kaluki zingejitafutia ya saba, na hiyo ya saba ingekuwa mvua ya Jumapili iliyopita, imenakiliwa na kuitwa ya Jumamosi. Ni mjinga gani alikaa kitako akaamua kwamba mvua hujirudia? Nilimdharau aliyeibuni, nikamdharau zaidi huyu aliyekuwa anaisifu bila kuielewa.

"Ndanu, uko na swali?" Bi Swabra aliuliza.

Swali nilikuwa nalo. Lakini Jumatatu wageni walikuwa waje kutoka Nairobi kutazama mtambo mpya ukifanya kazi, na nilitaka Lenny aumbuke mbele yao, si mbele yetu wawili. Jumapili ningeziweka sawa namba za Kaluki mwenyewe kabla sijautuma ujumbe, kisha Jumatatu ningewaonyesha wote kile ambacho mtambo ungefanya. Nikajitia hamnazo.

"Hapana, madam. Nimeelewa yote."

"Siz ako sharp," Lenny alisema, akacheka.

Nikakifunga kijitabu palepale. Nilichokitaka nilikuwa nimeshakipata, na sikuona sababu ya kusoma kurasa nyingine za upuuzi uleule.

Ijumaa namba za Kaluki ziliingia kwenye mtambo mpya. Arobaini na moja Jumapili, sita Jumatatu, kisha sifuri nne. Arobaini na saba kwa jumla. Mtambo ungeirudia ile arobaini na moja na kupata themanini na nane. Mfano mzuri kuliko huo wa kumwumbua mtu ningeutoa wapi? Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi Sabato nzima.

Jumapili saa nne nilimpigia Kaluki nikiwa nyumbani Mumbuni, kompyuta magotini.

"Jana ni sifuri," alisema. "Hata wingu haikuwa. Lakini Ndanu, mbona unaniuliza na meseji ilishakuja?"

"Meseji gani?"

"Ya kupanda. Ilikuja saa kumi na mbili asubuhi. Huku watu wote wako shamba."

Nilikitoa kijitabu mkobani. Nyongeza ya thelathini na mbili: ujumbe hutumwa wenyewe mara hesabu inapokamilika. Zamani hesabu ya Ndithini haikukamilika bila mimi, wala ujumbe haukutoka mpaka niutume. Ningegeuza kurasa nne tu siku ile, ningeiona.

Nilimpigia mama. Simu iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena.

"Mwaitu, umepanda?"

"Tumemaliza saa hii. Nzisa wa hapa jirani alikuja na ng'ombe zake za kulima, tukamaliza debe yote." Alikuwa anahema, na alikuwa na furaha. "Unajua nilichimba na mkono kwanza? Nikapata chini ni kavu, kidole haiingii. Nzisa akasema tungoje. Nikamwambia, hiyo meseji inatoka kwa Ndanu, na Ndanu hawezi kunidanganya."

Nilimwambia mvua haijatosha. Kisha nikaanza na Lenny. Nilimweleza majivuno yake, mtambo wake, nyongeza zake za kipuuzi, na sauti yangu ikawa inapanda, kwa sababu nilitaka amdharau kama nilivyomdharau mimi.

"Huyo Lenny mimi simjui," mama alisema nilipomaliza. "Wewe uliona hiyo makosa lini?"

Ningeweza kusema leo. Alinilea kwa amri zote kumi, na hata hivyo nilifikiria kusema leo.

"Alhamisi," nilisema.

Nilimsikia Nzisa nyuma yake akiwafungua ng'ombe, akiwasemesha taratibu kwa Kikamba.

"Alhamisi ndengu ilikuwa bado iko kwa nyumba," mama alisema.