Kupita Chini

Rubani Doris alikuwa na desturi ambayo hakuwa ameiacha hata siku moja: hatui mahali kabla hajapita chini kwanza, ndege ikinguruma, wanyama watawanyike. Pale Mikumi askari wa hifadhi humsafishia njia kwa gari, twiga na swala wakasogea taratibu. Lakini kile kiwanja cha ndege cha zamani cha mashamba ya mkonge, nje ya Kimamba, hakikuwa na askari wala gari. Kilikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wa kule hawamjali mtu.

Asubuhi hiyo kilikuwa pia na Sikuzani, amelazwa kwenye machela, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya kwenda hospitali Kilosa. Mumewe, Stefano, ndiye aliyepiga simu Mikumi. Doris, mzaliwa wa Kimamba, alimjibu huku anakimbilia ndege: choma majani mabichi nione upepo unakotoka. Basi. Mengine hakuona haja ya kuyasema. Anakwenda kwao, angewaeleza nini?

Mvua ilimpokea njiani. Ndege ilirushwa huku na huku mpaka mikono ikamuuma, wingu nalo likizidi kumbana chini, akaogopa kwelikweli. Kisha akauona moshi, na ng'ombe wamejazana katikati ya kiwanja. Akashuka, akapita juu yao, wakatimka. Akapanda na kuzunguka ili arudi kutua.

Aliporudi, kiwanja kilikuwa kimejaa watu. Wanawake wanapunga kanga, vijana wa bodaboda wanapunga mashati, mzee mmoja amepiga magoti katikati kabisa.

"Tokeni," Doris alisema, kana kwamba wangemsikia. "Tokeni jamani, nitawaua."

Alinyanyua ndege magurudumu yakiwa karibu na vichwa vyao. Akajaribu tena, nao wakazidi kukimbilia katikati. Alipozunguka mara nyingine hakuona kiwanja, aliona wingu tupu. Alirudi Mikumi analia, akiwalaani watu wa kwao mmoja mmoja.

Simu ya Stefano ilimkuta bado amekaa ndani ya ndege.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Stefano, kwa nini mliingia kiwanjani?"

"Tulikuona umepita, ukaenda zako. Watu wakasema hajatuona, anatuacha. Ndiyo tukakimbia kukuita."

 Hasira zote zilimgeukia Doris mwenyewe.

"Nilikuwa nafukuza ng'ombe," alisema. "Nikija tena, kaeni pembeni. Asiingie mtu hata mmoja. Anaendeleaje?"

"Anapumua. Anakuulizia."

Wingu halikuachia mpaka alasiri. Safari hii hakukuwa na haja ya kupita chini. Ng'ombe walikuwa wamefungwa, kiwanja kitupu, watu wote wamekaa kwenye majani pembeni, kimya. Hakuna aliyepunga mkono. Doris aliwashukuru moyoni, akatua vizuri kuliko siku zote.

Alizima injini, akafungua mlango, akangoja waje mbio na machela. Hakuna aliyenyanyuka. Stefano alikuwa amekaa chini kando ya mkewe, na kanga ya Sikuzani ilikuwa imevutwa ikamfunika mpaka usoni.

"Tumekaa pembeni, dada," alisema. "Kama ulivyotuambia."