Funguo Ndani ya Friji

Friji ndiyo iliyonyamazishwa kwanza. Mama Ratiba aliifungua, akaweka funguo za gari lake kando ya trei ya mayai, akaifunga, akachomoa waya ukutani. Ikakoroma kidogo kama mtu anayegeukia upande wa pili kitandani, halafu kimya.

Usicheke, hakuwa amechanganyikiwa. Watu wa sinema wana mambo yao. Friji ikinguruma sisi wengine tumeshaizoea, hatuisikii, lakini kinasa sauti hakizoei kitu. Lazima izimwe. Na kuizima si kazi, kazi ni kukumbuka kuiwasha. Zamani hizo, Mama Ratiba akiwa bado msichana wa kuchemsha chai na kukunja nyaya, aliwahi kuisahau friji ya mwenye nyumba mmoja siku tatu nzima. Nyama yote ikaoza. Yule mama alimsema, alimsema, mpaka msichana wa watu akajiona kadogo kama punje ya mchele. Toka siku hiyo funguo zake zinalala kwenye friji. Huwezi kuondoka bila kuifungua.

Jina la Mama Ratiba alipewa kazini. Kila siku kabla watu hawajatawanyika aligawa karatasi ya kesho: nani afike saa ngapi, gari gani limchukue nani, chakula kiive saa ngapi, mvua ikinyesha wahamie wapi. Kutoka kwenye chai akawa msaidizi, kutoka usaidizi akawa meneja wa kambi nzima, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza sinema ni yake mwenyewe, yeye ndiye mtayarishaji. Miaka ishirini na nane hiyo. Na miaka yote hiyo baba yake mzazi hakujua binti yake anafanya kazi gani.

Si kwamba hakuuliza. Aliuliza kila alipotembelewa.

"Wewe ndiye unayepiga picha?"

"Hapana, baba."

"Unaigiza?"

"Hapana."

"Basi ndiye unayewaambia wenzako simama hapa, lia hapa?"

"Huyo ni mwongozaji, baba."

"Sasa mama, huko wanakuitia nini?"

Ukimwambia atazame majina yanayopita mwishoni, Mzee alikuwa ameshazima televisheni kitambo. "Majina ya nini? Hadithi imeisha, watu walale."

Halafu daktari akasema macho ya Mzee yanafunga. Taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, kama pazia linalovutwa pande zote mbili. Mwaka, labda usifike. Mama Ratiba alitoka pale hospitali akakaa ndani ya gari bila kuliwasha, akaona kitu kimoja tu: kama baba haifuati kazi, kazi itamfuata baba. Sinema ikahamia sebuleni kwa Mzee. Aione kwa macho yake, hata mara moja, kabla pazia halijakutana.

Mpango mzuri, eti? Siku ya kwanza Mzee aliona watu ishirini wanabeba makochi yake, akasema wanamchosha, akaenda kulala. Siku ya pili vile vile. Leo ilikuwa ya tatu, na ndiyo ya mwisho. Tangu mchana Mzee yuko chumbani, mlango umerudishwa, anakoroma.

Saa kumi na dakika kumi jua likaingia.

Lilikuwa na desturi yake nyumba ile. Linaingilia dirisha la magharibi, linapanda kochi, linatembea ukutani polepole kama mgeni anayetazama picha za familia, dakika ishirini tu, linatoka. Mama Ratiba alilijua tangu utotoni, na sinema yote aliipanga izunguke zile dakika ishirini. Mwigizaji alikaa dirishani akikunja shuka. Vumbi lilielea kwenye mwanga bila haraka. Hata wabeba taa walisahau kukaa, kila mtu kama anaogelea ndani ya asali.

Mara yule fundi wa sauti, waliyemwita Sikio, akainua mkono.

"Kata. Kuna kitu kinanguruma."

"Mimi sisikii kitu," mwongozaji akasema.

"Ndiyo maana wewe huitwi Sikio."

Mama Ratiba alishaelewa. Alikimbilia jikoni kwa soksi, maana viatu alivua zamani. Akamkuta Mzee kasimama na glasi ya maji, uso umenawiri kama mtu aliyeokoa maisha ya watu.

"Friji ilikufa, mama. Nimeifufua."

"Baba!"

"Tena tazama." Akatoa funguo mfukoni, akazitikisa. "Ndani ya friji! Na mimi ndiye mnayesema nasahau."

Mwanga ulikuwa umeshafika kwenye picha ya tatu ukutani. Zimebaki dakika nane, tisa. Maneno makali yalimfika Mama Ratiba kwenye ulimi. Kisha akamwona Mzee jinsi anavyogeuza kichwa kizima ili amtafute, yeye aliyesimama pale pale karibu yake. Pembeni pamekwisha kufunga. Akayameza yale maneno.

Akachomoa waya. "Njoo, baba. Njoo ukae na sisi."

"Nitafanya nini mie?"

"Utamsaidia Sikio."

"Shikamoo, babu," Sikio akasema, akamvisha Mzee vile vidude vya masikioni.

"Marahaba. Mbona unanivalisha kofia?"

"Utasikia mwenyewe."

Wakarudia. Shuka ikakunjwa, mwanga ukamgusa mwigizaji shavuni, ukampita, ukapanda mpaka kona ya dari, ukatoka. Wamepata. Watu wakataka kushangilia, Mama Ratiba akainua kiganja. Bado jambo moja. Kila chumba kina ukimya wake, na fundi lazima aurekodi, dakika moja, ili baadaye autandike chini ya maneno yote.

Alikishusha kiganja. Watu ishirini wakawa miti.

Mzee naye akatulia, kwanza kwa adabu, kisha kwa mshangao. Bati lilikuwa linapoa, tik, tik. Ndege alitembea juu ya paa kwa kucha ndogo. Pazia likavuta pumzi, likaitoa. Hii nyumba aliijenga mwenyewe na hakuwahi kuisikia. Na huku, karibu na mlango, kulikuwa na mtu anapumua kwa pua, kidogo kidogo, anajizuia. Mzee akaijua pumzi ile. Ni ya kitoto kilichokuwa kinajificha nyuma ya mlango huo huo, yeye akijifanya hakioni.

Dakika ikaisha. Sikio akainua kidole gumba, vicheko vikalipuka. Mzee hakuvua kitu masikioni.

"Watu wote hawa," akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema waliozibwa masikio, "wewe umeshusha mkono tu!"

"Ndiyo, baba."

"Kumbe ndiyo kazi yako? Kunyamazisha watu? Mbona mdogo wako, alipokuwa mchanga, alikushinda kumnyamazisha!"

Hata mwigizaji alicheka mpaka akakalia shuka zake.

Makochi yakarudi mahali pake, magari yakaondoka. Mama Ratiba akaiwasha friji, akapapasa kando ya mayai. Hakuna kitu. Akageuka, Mzee yuko mlangoni, ameshika mfuko wa shati.

"Sikupi kwanza. Huo ukimya, na wenyewe utakuwemo?"

"Utakuwemo mwanzo mpaka mwisho, chini kabisa. Hakuna atakayeusikia."

"Na pumzi yako imo?"

Mama Ratiba akaufunga mlango wa friji. "Imo, baba."

"Basi mimi nitaisikia." Akampa funguo, zina joto la mfuko wake. "Na hayo majina yako usije ukaniruhusu nizime. Utanisomea, moja moja, mpaka lako."