Ukurasa wa Jumanne

Kalamu nyekundu ilikuwa imeshavuliwa kifuniko. Bwana Mkuu wa kituo cha kupima sumaku ya dunia aliishika juu ya ukurasa wa Jumanne kama kinyozi anayetafuta pa kuanzia. Bibi Sindano, aliyesimama upande wa pili wa meza, hakuitazama kalamu. Alizitazama tarakimu zake, safu nzima, zilivyokaa wima kama watoto waliooga.

"Bibi, sina ugomvi na wewe," alisema Bwana Mkuu. "Lakini una chuma mkononi. Chuma na sumaku havikai chumba kimoja. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Hilo lilikuwa kweli. Alipohamia kituoni miezi mitatu iliyopita, na vyeti vyake vya ng'ambo, ni Bibi aliyemwonyesha kibanda: mbao tupu, misumari ya shaba, komeo la mti. Ndani yake kipande cha sumaku chenye urefu wa kidole kilining'inia kwa uzi wa hariri, na kioo kidogo kimegandishwa juu yake. Unakaa mbali, unatazama kwa darubini, unaona kwenye kile kioo rula yenye mistari. Namba inayoangukia katikati ndiyo unaandika. Sumaku ya dunia ikipungua nguvu, namba inashuka. Ikizidi, inapanda. Kazi ni hiyo tu, na Bibi alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita, mara tatu kwa siku, bila pini ya nywele wala kifungo cha bati. Watu wa mtaani walimbandika jina kwa ajili ya sindano ile ya sumaku. Watoto wao, waliodhani anachoma watu, humpisha njia mpaka leo.

Miezi miwili nyuma aliteleza bafuni akavunjika mkono wa kushoto, na hospitali wakamtia kipande cha chuma kushika mfupa. Ndipo neno lilipoanzia. Mashine mpya, ile inayojiandikia yenyewe, ilikuwa kwa fundi. Kwa hiyo Jumanne hapakuwa na shahidi mwingine ila jicho lake. Na Jumanne ndiyo siku iliyokwenda kombo. Saa tatu na dakika kumi asubuhi namba iliruka kutoka 341 hadi 352, ghafla, kama mtu aliyefinywa. Alifuta jicho la darubini, akatazama tena. Ni ileile. Basi hakutoka. Mwanawe alipiga simu ya mlinzi kuuliza mbona haji kula, naye akamtuma mlinzi ajibu kuwa ana mgonjwa. Kila nusu saa aliandika, na kila nusu saa namba ilishuka: 330, 311, 296. Saa kumi jioni ilikuwa 279. Hajawahi kuiona pale tangu azaliwe.

Sasa ilikuwa Jumatano, na ripoti ilitakiwa makao makuu ifikapo saa sita mchana. Bwana Mkuu alikusudia kuukata ukurasa mzima kwa mstari mwekundu, na kuandika chini kwamba vipimo vyote vya mwangalizi tangu avunjike visitegemewe, na kibanda kifungwe. Aliyasema hayo kwa upole, na upole wake ulimuuma Bibi kuliko kama angefoka.

"Daktari aliniambia chuma hiki ni aina isiyovutwa na sumaku," alisema Bibi. "Nami sikumwamini. Siku ya kwanza kurudi nilikijaribu. Njoo ujionee, halafu ukate."

Walikwenda. Mlangoni Bwana Mkuu aliacha saa, funguo na simu. Bibi alikuwa na kijisumaku chake kwenye uzi, ambacho kila anayeingia hupitishwa mwilini, lakini bosi alimpungia mkono, kwamba yeye hapekuliwi. Bibi akakirudisha kijisumaku kwenye kigingi.

Alimkalisha bosi kwenye darubini. Yeye mwenyewe akaenda hadi kwenye sumaku, akaunyoosha ule mkono mbovu karibu yake mpaka kovu likamvuta.

"Namba ngapi?"

"324."

Akausogeza karibu zaidi, upana wa kiganja.

"Na sasa?"

Bwana Mkuu alifuta jicho la darubini, akatazama tena. "324."

Hakuridhika. Aliinuka aje aone kwa karibu ule mkono ulikuwa umefikishwa wapi, na Bibi akapita kando, akaketi kwenye darubini mahali pake. Mistari ilianza kukimbia kama mbuzi waliofunguliwa.

"Rudi nyuma, Bwana Mkuu. Ni wewe."

"Mimi nina nini?"

"Bizimu la mkanda."

"Hili ni shaba. Mke wangu alilinunua kwa bei ya shaba."

"Aliyemuuzia alipaka shaba," alisema Bibi. "Ndani ni chuma. Mpe pole shemeji."

Bwana Mkuu alitoka nje amebeba mkanda wake mkononi. Alikuwa mtu wa haki, hilo Bibi alilikubali, kwa kuwa hakuja na hoja nyingine ya mkono. Alisema tu kwamba huenda gari lilipita, huenda mtu aliegesha baiskeli ukutani. Bibi akamwambia baiskeli haiegeshwi kutwa nzima ikizidi kuwa nzito. Kama ni baiskeli, imekigusa kituo chao peke yake. Kama ni dunia, imevigusa vyote. Awaulize vituo vingine waliona nini saa tatu na dakika kumi.

"Nitachekwa. Niulize dunia nzima kwa ajili ya mkono uliovunjika?"

"Basi waambie ni mimi ninayeuliza."

Bwana Mkuu akapeleka ujumbe. Saa nne na nusu. Bibi alikaa kwenye benchi la varanda, mikono mapajani, akijihesabia pumzi. Saa tano hakuna kitu. Saa tano na robo karani wa ofisi alitoka na karatasi, na hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia na viatu vyake vya visigino, jambo ambalo halijaonekana kituoni.

Vituo vinne vya mbali vilikuwa vimejibu. Dakika ileile. Mruko uleule, mporomoko uleule. Vingine viwili, vya jirani, mashine zao zilizimika umeme ulipokatika, na sasa vilikuwa vinaomba ukurasa wa Bibi. Upande huu wa dunia, aliyeiona siku ile kuanzia mwanzo hadi mwisho alikuwa mmoja.

Bwana Mkuu alikuja akaketi benchini, karibu naye, kama mwanafunzi. Akamweleza. Jua lilikuwa limetapika wingu la chembe ndogo mno zenye umeme, likaja likaigonga sumaku ya dunia. Huo ndio mruko. Chembe nyingine zikanaswa. Hazianguki. Zinajisokota kwenye mistari ya sumaku isiyoonekana, zinakwenda kaskazini, zinarudi kusini, na huku zinasogea kuizunguka dunia, hizi mashariki, hizi magharibi, mpaka zinakuwa mkondo mmoja mkubwa wa umeme uliotuzunguka sote. Mkondo huo ndio unaopunguza nguvu ya sumaku huku chini.

"Kwa hiyo ziko juu yetu sasa hivi," alisema Bibi.

"Ziko. Zinapungua taratibu. Siku kadhaa."

"Na mimi nilikuwa nazitazama."

"Kwa uzi wa hariri," alisema Bwana Mkuu, na sauti yake haikuwa ya mkubwa wa mtu.

Makao makuu walipiga simu kabla ya saa sita. Hawakutaka ripoti, walitaka ukurasa, kila tarakimu, hapohapo. Bwana Mkuu aliusoma kwa sauti kubwa hata mlinzi akasikia getini, mstari kwa mstari, na Bibi alisimama begani pake akifuatisha kwa kidole.

"Hiyo ni saba, si moja," alimsahihisha.

"Ni saba," Bwana Mkuu aliiambia simu. "Samahani. Mwangalizi wetu anasema ni saba."

Saa nane kamili Bibi aliingia kibandani. Nje jua lilikuwa jeupe juu ya paa, lisilotazamika. Alifunga komeo, akaketi, akaweka jicho, akasubiri uzi utulie. 326. Alishika penseli, asiandike bado. Mstari ulikuwa unatambaa, kwa unene wa unywele, kuelekea 327.