Kilima Kilichoomba Lifti

Julai ya mwaka 1997, mpunga ukiwa umeshavunwa na kuingizwa ndani, Anselim aliegesha Kombi yake mbele ya nyumba yao ya Katindiuka, Ifakara. Akapakia jiko la mafuta ya taa, madumu ya maji na kuku aliyekwisha kukaangwa. Gari lilikuwa na kitanda cha kukunja, sinki dogo na mapazia ya maua. Aliachiwa na mtafiti wa mbu ambaye yeye Anselim alikuwa dereva wake huko Namawala kwa miaka mingi, na ambaye siku ya kurudi kwao alimkabidhi funguo na kulia kidogo.

Jirani yao Yosefina alisimama na jembe begani, akawatazama.

"Mmefukuzwa?" akauliza.

"Tunakwenda kutembea," alijibu Verediana, mke wa Anselim. "Tutalala humo humo, njiani."

"Na nyumba mnayo?"

"Tunayo."

Yosefina akaguna, akaenda zake shambani. Watu wenye nyumba na bado wakalala kwenye gari alishawaona, lakini walikuwa wazungu, na wazungu wana mambo yao.

Verediana hakuwa na habari na maneno ya watu. Miaka yote hiyo mume wake alikuwa akiwapandisha wageni kwenda kuitazama milima ya Mahenge, na yeye aliyezaliwa humo hakuwahi kupewa kiti cha mbele hata mara moja. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vipya, lori lilikuja kwao asubuhi, likawapakia na vyungu vyao, nyumba zikatiwa moto nyuma yao ili mtu asipate wazo la kurudi. Mama yake, Odilia, alibaki kaburini juu ya kilima, hata mwaka haujatimia tangu azikwe. Verediana alitaka jambo moja tu katika safari hii: afike kwenye kaburi hilo, anyunyize unga na maji, amwambie mama yake kwamba hakumtupa.

Walivuka mto kwa pantoni, wakalala Lupiro, kesho yake wakaanza kupanda. Barabara ilijikunja na kujikunjua. Kwenye kona moja walisimama wakachemsha chai. Verediana aliinywa miguu ikining'inia mlangoni, bonde zima la Kilombero likiwa chini ya visigino vyake, mto ukimeremeta katikati ya mashamba, ukungu ukipita taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika.

"Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanakifuata," alisema.

"Ndicho hiki," alisema Anselim. "Mimi nilikuwa natazama barabara."

Kilima cha Odilia waliwahi kukiona kabla hawajakifikia. Kilikuwa kimesimama kando ya barabara, kimejisogeza kidogo ili malori ya mbao yapite. Anselim, aliyezoea waomba lifti, aliwasha taa ya pembeni na kusimama.

"Shikamoo," alisema Verediana.

"Marahaba, mwanangu," kilijibu kilima. "Umezeeka. Hebu geuzeni gari, mnipe lifti mpaka Ifakara."

Kilieleza shida yake kwa kifupi. Kampuni ya mawe, ambayo jina lake lilibadilika kila mwaka, ilikuwa imekizungushia bikoni nne za zege za kuonyesha mpaka, na barabara ya juu ikikauka, kampuni ingekuja na baruti. Kampuni ilisema imepewa eneo lisilo na watu.

"Si uongo," kilisema kilima. "Watu mlipakiwa kwenye lori."

Anselim alikuwa na swali moja tu, kuhusu uzito wa mzigo. Alizunguka gari, akapiga matairi teke, akasema inawezekana kama mizigo itapangwa vizuri. Mawe yaliingia kwanza, juu ya ekseli. Udongo ukafuata. Nyasi ziliviringishwa kama mkeka. Kaburi la Odilia lililazwa kitandani, msalaba ukaegemezwa dirishani, na Verediana akafunga mapazia ili vumbi lisimfikie. Alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Zilibaki bikoni. Verediana alitaka zitupwe korongoni.

"Mama Frida, bikoni haichezewi," alisema Anselim, ambaye katika udereva wake wote hakuwahi hata kupigwa faini. "Ni kosa la jinai. Zinakwenda na kilima chake."

Alipima kwa hatua umbali kutoka bikoni hadi bikoni, akazifunga kwenye keria kwa kamba. Walishuka kwa gia namba mbili, kwa sababu mtu anayeshuka na mlima mgongoni hakanyagi breki hovyo. Kwenye pantoni, Salimu mkata tiketi alichungulia ndani akauliza kama ni mzigo au abiria.

"Abiria," kilijibu kilima. Akakikatia tiketi.

Nyuma ya jiko la Verediana palikuwa na nafasi, na kilima kikakaa hapo. Anselim akachimbia bikoni kwa umbali ule ule, bila kuiba hata hatua moja. Uwanja wao ulikuwa mdogo, kwa hiyo moja iliangukia mbele ya mlango wao na nyingine katikati ya jaruba la Yosefina. Yosefina alilima kuizunguka.

Kila asubuhi Verediana alipanda na kikombe cha uji kumwamkia mama yake. Majirani walianika mpunga ubavuni. Zilipokuja mvua za El Nino na Katindiuka yote ikawa ziwa, watu walihamia juu na mbuzi na magodoro yao, na kilima kikawapokea bila kuuliza nani wa ukoo gani. Kilisema kwamba tangu mwaka ule wa lori hakijawahi kulala usingizi mzuri namna hii, kwa kelele za watoto.

Matope yalipokauka alikuja Deus, afisa wa kampuni ya mawe, kijana mpole mwenye viatu safi. Aliwaamkia wakubwa wote. Alipima bikoni zote nne, akazikuta sawasawa.

"Nakushukuru sana, mzee," alimwambia Anselim. "Wengine huwa wanazing'oa."

Kisha akakunjua ramani. Eneo lililo ndani ya bikoni lilikuwa la kampuni, popote lilipo. Aliwapa hadi Jumapili wawe wamehama.

"Sisi tumelima hapa tangu tulipoletwa na lori," alisema Verediana.

Deus alimwonyesha pale kwenye ramani, kwa heshima. Palikuwa peupe. "Kwa mujibu wa ramani, mama, hapakai mtu." Moshi wa jiko ulimwingia machoni, akasogea pembeni na kuendelea kueleza. Anselim alitazama bikoni iliyo mbele ya mlango wake, na aibu ikamshika mpaka masikioni.

Jumapili, baada ya misa, alipakia tena. Mawe, udongo, nyasi. Odilia kitandani. Alipofika kwenye bikoni ya kwanza aliinama kwa mazoea, mke wake akamtazama, naye akainuka na kuiacha.

"Twende wapi?" kiliuliza kilima kutoka ndani.

"Baba Frida anaijua barabara," alisema Verediana, akaketi kiti cha mbele.

Yosefina alisimama kwenye jaruba lake, pembeni ya bikoni, jembe begani.

"Mnakwenda kutembea tena?"

"Safari hii tumefukuzwa," alisema Verediana.

Yosefina akaitazama ile bikoni, kisha nyumba yake, ambayo nayo ilikuwa upande wa ndani. Akashusha jembe.

"Hicho kitanda kinabeba wangapi?" akauliza.

Anselim akazima injini, akashuka kupanga mizigo upya.