Kuku Aliyenasa Sauti ya Alizeti

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Agripina alikuwa anapepeta uwele uani kwake Kinyangiri, kuku wake kishingo alipomaliza kutaga chini ya uchanja wa vyombo. Kuku mwingine angetetea. Huyu alijikung'uta, akafungua mdomo, likatoka zeze la kufungulia matangazo, kisha sauti ya mwanamume:

"Hii ni Redio Sauti ya Alizeti, inayokujia kutoka hapa hapa Kinyangiri. Kama umekaa, kaa vizuri. Kama umesimama, shauri yako."

Agripina aliweka ungo chini. Redio hiyo ilikuwa imefungwa miaka kumi na saba iliyopita.

"Baba Jesca," alimwita mumewe, "njoo. Alizeti wamerudi hewani."

Ezekieli alitoka zizini na mpini wa jembe mkononi. Alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Inakwaruza. Mgeuze aelekee mlimani."

Wakamgeuza kuku. Sauti ikatulia.

Enzi zake, Sauti ya Alizeti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukamua mafuta. Habari zilisomwa mashine ikipumzika, na ikianza tena kabla habari hazijaisha, mwisho wake kila mtu alijimalizia mwenyewe. Mtangazaji alikuwa mmoja, Melkiori, kijana mwembamba aliyesoma vifo, ng'ombe waliopotea na matokeo ya mpira wa mechi ambazo hakwenda kuziona. Fahali wa mzee mmoja alitangazwa kwamba amepotea, akarudi mwenyewe jioni ile ile. Yeye pia alikuwa amesikia. Saa saba mchana kilikuwa kipindi cha salamu. Agripina alijulikana hewani kama Mama Chapati Moto. Ezekieli alijiita Mzee Hana Presha, ingawa anayo mpaka leo.

Kufika Ijumaa, uani kwa Agripina palijaa vigoda. Watu walijifunza haraka namna ya kumtunza kuku. Akila mtama, sauti ilikuwa safi. Akila pumba za mahindi, ilikuja na mlio kama wa kukaanga mafuta. Akiatamia, masafa yalihama kidogo na kwa dakika chache walisikia ibada ya mkoa wa jirani. Ofisa mmoja alikuja kutoka mjini na pikipiki, akamkagua kuku mbele na nyuma, akasema hana leseni. Alimwandikia barua ya onyo, akaichomeka chini ya bawa, kisha akaomba kigoda, maana salamu zilikuwa ndiyo zinaanza.

Hata Melkiori alikuja. Siku hizi anauza vitunguu kando ya barabara kule Mkiwa, na mwembamba tena si yeye. Alishuka kwenye basi, akapokea shikamoo za wale aliowatangaza siku walipozaliwa, akakaa kujisikiliza. Kipindi kilipokwisha alitikisa kichwa.

"Nilikuwa nayakimbiza maneno," alisema.

Lakini Agripina alikuwa anaisubiri Alhamisi. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya wasikilizaji kupiga simu, na Alhamisi ya kwanza, saa saba na dakika kumi, kuku aliinamisha kichwa na kuongea kwa sauti ya Selina.

"Haloo? Nasikika? Naitwa Selina, nawasalimu wote wanaonifahamu. Wa kwanza kabisa ni dada yangu Agripina, Mama Chapati Moto. Ujumbe wangu kwake: dada, zile chapati za Jumapili ziliungua. Usiniambie ni moshi."

"Ulikuwa moshi!" Agripina alimjibu kuku. Alicheka mpaka akaifuta pua kwa upindo wa kanga. Selina, mdogo wake wa pekee, alikuwa amekufa miaka kumi na saba iliyopita.

Wiki ya tatu, kuku alifika kwenye siku ya mwisho ya redio. Zeze halikupigwa. Melkiori alisema taratibu, kwa mara ya kwanza bila kuyakimbiza maneno, kwamba Selina, mwenye mimba ya miezi minane, ameanguka kwenye njia ya mtoni akiwa na ndoo kichwani, na hakuamka. Alisema pampu iliyoletwa kwa ajili ya kijiji haikufungwa kijijini. "Iko shambani kwa Clement, inamwagilia vitunguu. Nimekwenda mwenyewe, nimeiona kwa macho yangu. Clement, kama unanisikia, na najua unanisikia, rudisha maji ya watu."

Kesho yake redio ilifungwa. Barua ilisema mtambo umepigwa na radi. Ilikuwa Septemba, wakati mbinguni Kinyangiri hakuna hata wingu la kuazima.

Uani watu walisogeza vigoda karibu zaidi. Hapakuwa na jipya. Pampu ilikuwa pale pale, na Clement sasa ni diwani kipindi cha tatu. Ila ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu aliseme jambo lenyewe kwa sauti.

Siku ya pili Clement mwenyewe alifika, akapewa kigoda cha mbele. Kuku akatoa marudio. Diwani alisikiliza mpaka mwisho, miguu imekunjwa, kofia gotini.

"Melkiori alikuwa na sauti, jamani," alisema.

"Mheshimiwa," Agripina alimwambia, "na maji?"

"Maji yako kwenye mchakato, mama."

Jumamosi Agripina alikwenda mtoni. Ni saa mbili kwenda, na kurudi ni zaidi, kwa sababu ya mzigo. Aliporudi alimkuta Ezekieli amekaa chini akichonga mpini ambao ulikwisha kuchongwa wiki iliyopita. Chini ya uchanja hapakuwa na kitu.

"Diwani alikuja," Ezekieli alisema bila kumtazama. "Akasema ana wageni kutoka wilayani. Mtu akikwambia ana wageni, utamwambia nini?"

"Utamwambia ale mbuzi wake."

Aliitua ndoo, akakimbia hivyo hivyo na kata kichwani. Alipofika kwa diwani, chungu kilikuwa kinachemka, na chini ya kifuniko Melkiori alikuwa anatabiri hali ya hewa. Nyama ikapakuliwa. Wageni walikula huku wakisikiliza. Paja lilisoma taarifa ya vifo, shingo ikatoa tangazo la ng'ombe. Firigisi, kama ilivyo desturi, alikula mwenye nyumba.

Wageni walirudi wilayani na mkwaruzo kidogo tumboni, ukaisha baada ya siku mbili. Redio yenyewe ilikuwa imehamia kwenye firigisi.

Jumatatu, kwenye mkutano wa hadhara, Clement alisimama kueleza mafanikio. Ilikuwa saa saba kamili. Tumbo lake likapiga zeze, likasalimu kata nzima, kisha likasema pampu iko wapi na nani kaifunga. Watu walipiga makofi. Walikuwa wameikosa tangu Jumamosi.

Clement alijaribu kujitibu. Alikunywa maji ya mkaa. Mchungaji akaja kumwombea, shehe akaja kumsomea, na wote wawili wakaishia kukaa na kusikiliza salamu. Mwishowe alinyoosha mikono, akaweka mabenchi uani kwake. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajawahi kupendwa namna ile. Uchaguzi ulipofika alishindana na Dorkas, mwalimu mstaafu aliyekuwa na mpango wa maji ulioandikwa vizuri, ukurasa kwa ukurasa. Dorkas hakuwa na redio ndani. Clement alipita kwa kura nyingi kuliko vipindi vyote vilivyotangulia, na matokeo yalitangazwa na yeye mwenyewe, bila kufungua mdomo.

Agripina alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga pale. Alhamisi ya kwanza baada ya kuku kuliwa alishinda ndani, redio ya simu ya Jesca ikimpigia miziki ya vijana. Alhamisi ya pili alisimama nje ya uzio wa minyaa, akajidai anatafuta kuni. Ya tatu alikuwa kwenye benchi la mbele.

"Dada," tumbo la diwani lilisema, "usiniambie ni moshi."

"Ulikuwa moshi," alijibu, safari hii kwa sauti ndogo, maana alikuwa analiambia tumbo la mwanamume mbele za watu.

Tatizo lilibaki moja. Clement akiwa na njaa, sauti ilififia, hasa ya wanawake. Akishiba, ilitoka safi. Akina mama wakakaa, wakapanga zamu: kila siku nyumba moja impelekee ugali na mlenda kabla ya saa saba. Agripina aliomba Alhamisi, akapewa bila ubishi.

Kwa hiyo Alhamisi huamka mapema, akaenda mtoni, akafukua mchanga mpaka maji yatoke, akajaza ndoo. Njia ya kurudi inapita kando ya shamba la vitunguu, ambako pampu hunguruma na maji hutembea kwenye mifereji, meupe, mengi. Pana mlinzi. Wanasalimiana. Akifika nyumbani anasonga ugali kwa maji yale ya mtoni, anaufunika, anaupeleka.

Alhamisi iliyopita diwani alikula akamaliza, akanawa, akaegemea kiti. Simu ya kwanza ikapigwa. Selina alikuwa mbali, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi.

"Mheshimiwa," Agripina alisema, akimsogezea sahani ya pili, "ongeza kidogo. Hasikiki."

Clement alikata tonge, akachovya kwenye mlenda, akameza. Akakata jingine. Sauti ya Selina ikapanda, ikajaa uani, ikawasalimu wote anaowafahamu. Nyuma yake akaingia Melkiori, akalitaja shamba, akaitaja pampu, akamtaja Clement kwa jina, taratibu, neno kwa neno, mpaka mlinzi kule kwenye vitunguu akainua kichwa. Watu wote walikubaliana kwamba tangu redio ifunguliwe, haijawahi kusikika safi namna ile.