Namba Saba: Chumba cha Mkazi wa Kawaida

Ramani ya Mtaa wa Kale inataja vitu kumi na viwili vya kuona na kufanya, na kazi yangu ni kuvisifia vyote kwa sauti ileile. Namba moja ni lango la mawe lililogongwa na lori la taka mwaka juzi. Ufa wake natakiwa kusema ni wa mzinga. Namba tatu ni Kisima cha Wapenzi. Enzi za babu kilikuwa kisima cha maji, tena ya chumvi, na wapenzi walikikwepa kama watu wengine wote. Namba tano ni ngazi mia moja na nne. Hapo la kufanya ni kupanda, na ukishafika juu, la kuona ni ngazi mia moja na nne za kushuka.

Namba saba ni chumba cha shangazi yangu.

Kwenye ramani hakikuandikwa hivyo. Kimeandikwa "Chumba cha Mkazi wa Kawaida". Shangazi, dada yake baba, ni fundi cherehani, na alikaa humo miaka arobaini na moja, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama uchochoro. Halafu Idara ya Urithi ikagundua kwamba mtaa una malango na visima lakini hauna mahali pa kuonyesha jinsi watu wake walivyoishi. Tatizo dogo lilikuwa kwamba watu wenyewe walikuwa bado wanaishi, ila hilo lilirekebishwa upesi. Shangazi alipewa fleti mpya nje kabisa ya mji, ghorofa ya saba, pamoja na barua ya pongezi. Kitanda chake, kabati, birika na cherehani kubwa vilibaki, kwa sababu vilishaingizwa kwenye orodha ya urithi. Aliruhusiwa kuondoka na cherehani ndogo ya mkono, ambayo haikuwa na sura ya kihistoria.

"Kwa hiyo humu ndani ni mimi tu nisiyekuwa urithi," aliwaambia siku ya kuhama.

Mkurugenzi wa Urithi, mtu mnene wa tabasamu asiyewahi kulala Mtaa wa Kale hata usiku mmoja, alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema huo ndio ucheshi wa asili unaopotea, akamwambia karani wake auandike. Mimi nilisimama pembeni na beji yangu shingoni. Nilitazama saa. Nilikuwa na wageni saa nne.

Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kule kwenye fleti Shangazi alipata kila kitu isipokuwa usingizi. Kitanda kipya kilikuwa chembamba, godoro gumu kwa juu na bovu katikati, na ukuta wa jirani ulipitisha kila neno. Kila Jumapili nilipanda ghorofa saba, maana lifti ilikuwa mgonjwa tangu izaliwe, na kila Jumapili nilimkuta macho mekundu zaidi. Jumapili moja nilimkuta na kidole kimefungwa kitambaa. Mwanamke aliyeshona magauni ya harusi ya nusu ya mtaa alikuwa amejidunga sindano kwa kusinzia, na shati lililokuwa mezani lilikuwa na mkono mmoja umeshonwa nje ndani.

"Silali, baba," aliniambia. "Kile kitanda kinanitema. Chumba wakae nacho, wakioneshe mpaka wachoke. Mimi naomba kitanda changu tu. Nikikosa usingizi mwezi mwingine, hii mikono itakuwa ya kupungia watu."

Niliandika barua. Idara ilijibu baada ya wiki tano, kwa lugha tamu, kwamba kitanda hakiwezi kutolewa kwa kuwa chumba cha mkazi wa kawaida bila kitanda kingewapa wageni picha isiyo sahihi ya maisha ya mkazi wa kawaida. Mkazi wa kawaida nilimsomea barua hiyo mwenyewe. Aliomba nirudie mara ya pili, halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumanne iliyofuata nilikuwa namba saba na kundi la wageni kumi na wanne, nyuma ya ile kamba nyekundu, nikieleza maana ya birika, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Birika halikai hapo. Linakaa chini ya dirisha."

Wageni wakacheka. Shangazi akapita katikati yao kwa adabu, samahani huku, samahani kule, akainua kamba, akavua viatu na kuvipanga, akapanda kitandani, akaugeukia ukuta na kujivutia blanketi mpaka sikioni. Nilikuwa sijamaliza sentensi ya kabati alipoanza kukoroma.

Nilimtazama mlinzi. Mlinzi, ambaye suruali yake ilishatanuliwa na Shangazi mara tatu bila maswali, alitazama dari.

"Na haya," nikasema, uongo ukaja wenyewe kama kawaida yake, "ni maonyesho hai."

Alilala saa sita mfululizo. Makundi manne yalipita kwa kunyata. Kitabu cha maoni ya wageni, ambacho kwa kawaida huandikwa "choo kiko wapi?", kilijaa siku hiyo. Mmoja aliandika kwamba hicho ndicho kitu bora kuliko vyote mtaani. Mwingine alisema amemkumbuka bibi yake akalia. Wa tatu alisifu jinsi mhusika anavyokoroma kwa hisia.

Nilikimbia na kitabu kile ofisini kwa Mkurugenzi. Safari hii nilijikaza, nikasema: mwajirini Shangazi, mpeni kazi ya kulala, hamtapata mwenye uzoefu zaidi. Mkurugenzi alisoma kurasa zote, akasimama, akanipa mkono.

"Wazo zuri mno," alisema. "Ila mtu hai ana usumbufu wake. Anaumwa, anazeeka, anaongea. Tutatengeneza sanamu."

Sanamu ilifika baada ya miezi miwili: mwanamke mzee wa mpira, mwepesi, amekunja magoti, amelala ubavu. Ndani ya sanduku tofauti kulikuwa na mashine ya kuwekwa kifuani ili ipumue na kukoroma. Alikuja bila nguo. Idara ikatafuta mtaalamu wa mavazi ya mkazi wa kawaida, ikafanya utafiti, ikaandika ripoti, na mtaalamu aliyepatikana alikuwa Shangazi.

Nilidhani atawafukuza. Alikuja na futi yake shingoni, akampima sanamu kuanzia bega hadi kifundo cha mguu, akiguna.

"Kiuno wamenipunguzia," alisema. "Nyonga wameniongezea. Sijui waliniona wapi."

Alishona magauni mawili yanayofanana, na vilemba viwili. Nilipomuuliza kwa nini mawili, akasema ni ya kubadilisha, na jicho lake halikunitazama.

Siku moja kabla ya uzinduzi alikuja kumvalisha. Mkurugenzi, mlinzi na mimi tulisogea kutazama, akatusimamisha mlangoni na mkasi mkononi.

"Mwanamke havalishwi mbele ya wanaume. Hata wa mpira. Tokeni."

Tulisimama kwenye ngazi kama watoto waliofukuzwa darasani. Baada ya robo saa akaniita, mimi peke yangu. Niliingia. Kwenye kiti cha mlinzi, karibu na mlango, alikaa Shangazi: gauni, kilemba kimeshuka usoni, miwani, glavu, mkoba mapajani. Kitandani alilala sanamu, ameugeukia ukuta, blanketi sikioni.

"Mpeleke Shangazi nyumbani," kitanda kikaniambia. "Amechoka."

Nikamgeukia aliyekaa kitini: chini ya kilemba uso ulikuwa wa mpira.

"Shangazi..."

"Mpeleke, baba. Na mwambie dereva wa teksi asifunge breki za ghafla, ataanguka."

Ningeweza kukataa. Beji ilikuwa shingoni, Mkurugenzi alikuwa hatua kumi kutoka pale. Nikakumbuka kile kidole. Nikamwita mlinzi, nikasema Shangazi amechoka, tukambeba mama yule wa mpira na kiti chake. Alikuwa ametengenezwa amekunja magoti, kwa hiyo alikaa vizuri kuliko sisi sote. Mlinzi alihisi uzito, akanitazama, akatazama dari. Pale ngazini Mkurugenzi aliushika mkono wa glavu na kuutikisa.

"Asante sana, mama. Kazi nzuri mno."

Mama hakujibu.

"Ameguswa," Mkurugenzi akaninong'oneza.

Uzinduzi ulifana. Mkurugenzi alihutubia nusu saa juu ya kulinda maisha ya watu wa kawaida, akanyoosha kidole: "Tazameni, hata anapumua!" Fundi wa kiwanda kilichotengeneza sanamu alikunja uso, maana sanduku la mashine ya kupumua lilikuwa bado stoo, halijafunguliwa. Lakini watu walikuwa wanampigia makofi, naye ni binadamu, akainamisha kichwa na kupokea.

Shangazi sasa analala. Kufuli la namba saba halijabadilishwa, kwa kuwa nalo limo kwenye orodha ya urithi, na ufunguo wake anao mfukoni tangu miaka arobaini iliyopita. Tukifunga saa kumi na moja jioni anaamka, anarudisha birika chini ya dirisha, anashona mpaka anachoka. Mchana tukifunga kwa chakula nampelekea cha kula. Mikono imetulia. Suruali ya mlinzi imetanuliwa mara ya nne.

Kule kwenye fleti huwa naenda kufungua madirisha. Mwezi uliopita nilikuwa huko afisa makazi alipofika na fomu zake, amepanda ghorofa saba, pumzi imemkatikia mlangoni. Hakuingia. Mama wa mpira alikuwa kitini, anatazama nje.

"Shikamoo, mama. Nyumba unaionaje?"

Kimya.

"Maji yanatoka? Lifti? Una malalamiko yoyote?"

Afisa aliweka alama kwenye vijisanduku vyote, akaandika chini kwa herufi kubwa: MKAZI AMERIDHIKA.

"Unajua," aliniambia akifuta jasho, "jengo zima, huyu ni wa kwanza asiyelalamika." Akaomba ruhusa ya kumpiga picha.

Ramani mpya imetoka wiki hii. Ukurasa wa nyuma kuna picha kubwa ya mama dirishani, na maneno: "Wakazi wetu wa zamani wanaendelea na maisha yao kwa furaha." Nilimpelekea Shangazi pamoja na chakula cha mchana. Aliisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, mpaka chakula kikapoa.

"Gauni limemkaa vizuri," alisema.

Halafu akanirudishia, akavuta blanketi na kuugeukia ukuta, maana kundi la saa nane lilikuwa limeanza kupanda ngazi.