Kofia ya Zihindula Kwenye Barafu

Wanaonijua hapa Iroquois, mtaa wetu wa Louisville, huigawa mara mbili kila hadithi yangu, kisha nusu inayobaki wanaipunguza tena kwa usalama. Wana haki. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba kwenye ghala nililofanyia kazi hadi kustaafu kulikuwa na panya mwenye kitambulisho cha kazi. Lakini hii ya kofia msiigawe. Rafiki yangu Cubaka alikuwepo, na Cubaka hajui kudanganya hata mkewe.

Kofia yenyewe ni pama ya kijivu yenye utepe mweusi. Babu yake Cubaka aliinunua Bukavu, na tangu hapo anayeivaa ndiye mkubwa wa ukoo. Mkubwa wa sasa alikuwa Zihindula, kaka yake Cubaka, mkazi wa Buffalo. Cubaka alipomwoza binti yake hapa Louisville, Zihindula alikuwa ameshaanza kuugua, hawezi kusafiri, kwa hiyo akaituma kofia imwakilishe. Ikawekwa kwenye kiti cha mbele, ikapewa soda na sahani ya nyama, na wakwe waliiamkia kabla ya kutaja mahari. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi za Kigoma, nimeona mengi, lakini sikuwahi kuona kofia ikikataa mbuzi watano.

Baada ya Krismasi Josiane, binti wa Zihindula, akapiga simu. Baba amezidiwa, anaitaka kofia yake. Cubaka haendeshi gari kwenye barabara kuu, akauzunguka upande wetu wote wa South End akiuliza nani ana gari na muda. Nina vyote viwili. Sienna yangu, ukiangalia maili zake, imeshafika mwezini, na sasa iko njiani kurudi.

Tukaondoka asubuhi. Njia nzima aliipakata kwa mikono miwili kama mtoto mwenye homa. Yeye haruhusiwi kuivaa. Nikamwambia aiweke kiti cha nyuma apumzishe mikono, akanijibu kwamba ile kofia haigusi chini wakati mwenyewe yu hai. Upepo uliiangusha sokoni kutoka kichwani mwa babu yake, wakamzika wiki ileile. Iliwadondoka tena wakivuka daraja la Ruzizi kwa kukimbia, na baba yao hakufika kambini. Cubaka ni shemasi, anajua maandiko kuliko mimi, lakini aliyasimulia hayo bila kupepesa. Nikamuuliza kama mtu akipiga chafya nayo je. Hakucheka. Ndipo nami nikaanza kuitazama kwa jicho la pembeni, na sikuipenda tena.

Tulipofika Columbus tukaambiwa barabara ya kwenda Buffalo kando ya Ziwa Erie imefungwa. Theluji ilikuwa imeangukia Buffalo kwa kiasi ambacho watu walikuwa wanatoka nje kwa madirisha. Tukageuza kwenda Westerville, pembeni mwa Columbus, kwa binti yangu Joselyne, anayetunza wazee. Familia ya bibi mmoja anayemhudumia ilikuwa imempa tiketi za hoki ya barafuni za mchana uleule, Columbus dhidi ya Buffalo, akatuambia badala ya kukaa tukihesabu theluji kwenye televisheni, twende. Cubaka alikataa. Huwezi kwenda mchezoni, ndugu yako anakata roho. Akampigia Zihindula kumweleza kwamba tumekwama, na kwa bahati mbaya Joselyne akaitaja hoki kwa sauti kubwa nyuma yake. Zihindula akauliza ni timu zipi. Kisha mgonjwa akasema waende, tena waende haraka, maana Buffalo ni timu yake tangu majira yake ya kwanza ya baridi Amerika, na yeye ataitazama kitandani.

Kofia ikaja nasi. Kuiacha garini Cubaka hakutaka hata kusikia.

Sasa niwaambie ukweli, mchezo ule nilioushuku kwa sababu ya baridi yake ni mtamu. Ukikaa karibu, husikii tu, unatikisika. Viatu vyao vina visu chini, vinakata barafu kwa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa. Wanaume wanabamizana kwenye kioo mbele ya uso wako hadi unaona fizi zao, halafu wanaondoka kama hawajuani. Kile kidude cheusi wanachokigombania sikukiona kwa kipindi kizima. Nilikuwa nashangilia tu kule wenzangu wanakotazama.

Kisha Columbus wakafunga, na mzinga ukalia.

Hakuna aliyetuambia. Uwanja ule una mzinga, wanaulipua kila wakifunga goli. Watu elfu kumi na kitu waliruka juu kwa furaha na wazee wawili wakaenda chini. Nilijikuta chini ya kiti nimeng'ata bisi, Cubaka yuko juu yangu anaomba kwa Kishi, lugha ya kwao. Kofia ilikuwa hewani. Niliidaka kwa goti, na mkitaka kupunguza hapo, punguzeni, lakini goti langu mpaka leo linajua. Cubaka alipoipokea midomo ilikuwa myeupe. Akaigeuza, akaikagua ukingo wote, akaniuliza mara tatu kama imegusa. Nikasema haikugusa. Joselyne alikuwa ameona aibu na huruma pamoja, akatununulia chai.

Kuanzia hapo Cubaka hakutazama tena barafu. Alitazama kofia.

Kipindi cha pili Buffalo wakasawazisha. Mfungaji alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu. Mzinga haukulia, kwa kuwa ni wa wenyeji, na ule ukimya wa uwanja mzima ulinikaa vibaya kuliko mlio. Dakika chache baadaye kijana yuleyule akafunga tena. Mashabiki wa Buffalo waliokuwa nyuma yetu, wamevaa bluu na dhahabu, wakaanza kuvua kofia zao na kuzishika mkononi. Nikamuuliza Joselyne wanasalimia nani. Akaeleza kwamba mchezaji mmoja akifunga matatu, watu hurusha kofia zao barafuni kumheshimu. Limebaki moja.

Cubaka alisikia. Akaiingiza pama ndani ya koti, akafunga zipu hadi kidevuni.

Simu yake ikaita tukiwa katikati ya kipindi cha mwisho. Ilikuwa ya video. Josiane aliishika, na kwenye kioo tukamwona Zihindula amelala, mashavu yamezama, macho makubwa. Televisheni yake ilikuwa inasikika kwa mbali, kelele zilezile zetu zikichelewa kidogo, kama watu wanaotufuata. Akamuuliza mdogo wake kofia iko wapi. Cubaka akafungua zipu akamwonyesha. Mzee akaitazama muda mrefu. Alikuwa bado anaitazama pale kijana wa ndevu nyekundu alipompita mlinzi, akamlaza kipa, akaweka la tatu.

Kofia zikaanza kupita juu ya vichwa vyetu. Zilikuja moja moja, kisha kwa makundi.

"Tupa," Zihindula akasema.

Cubaka alijifanya hakusikia. Akasema kelele ni nyingi.

"Umesikia. Tupa iyo kofia."

"Yaya," akamwita, yaani kaka mkubwa, "hapana. Unajua vile inakuwaka ikianguka."

"Njo maana nasema."

Josiane akaingilia kati. Alikuwa anamwambia baba yake aache utani, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili.

"Munanishika hapa na ile kofia," mzee akasema. Alivuta pumzi kwa taabu, na bado kulikuwa na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo wake, kicheko cha mtu aliyeshika karata nzuri. "Miezi mingi munanishika. Nimechoka, Cubaka. Bon. Miye njo mukubwa, ao njo weye?"

Cubaka akanigeukia. Mimi nikatazama barafuni. Kule chini wafanyakazi walikuwa wameshaingia na majembe ya theluji, wanasukuma kofia kwenye rundo. Muda ulikuwa unaisha.

Akasimama. Aliishika kwa ukingo, akaibusu utepe, akairusha.

Haikwenda kama zile nyingine. Zile zilianguka kama mawe au kama majani. Hii iliruka imenyooka, polepole, kana kwamba kuna kichwa ndani yake, ikapita juu ya kioo cha uwanja, ikatua barafuni kwa utosi na kuzunguka. Ilizunguka muda mrefu. Halafu ikasimama.

Tulingoja. Televisheni ya Buffalo ilikuwa ikichelewa kidogo, kwa hiyo kule kofia ilikuwa bado haijaanguka. Tukamtazama Zihindula akiitazama ikienda. Macho yake yaliifuata, yakashuka nayo, yakatulia.

"Nimeiona," akasema. "Sasa mukuye pole pole." Yaani tuje, tusikimbie.

Picha ikageuka, tukaona dari, kisha simu ikakatika.

Joselyne alitaka kushuka awaombe wafanyakazi wamrudishie. Cubaka akamshika mkono, akamwambia aiache. Mchezo ukaendelea, Buffalo wakashinda, sikumbuki ngapi. Tulipotoka, habari zikasema barabara ya ziwa imefunguliwa.

Niliwasha gari. Cubaka alikaa kichwa wazi, theluji ikiyeyuka kwenye nywele zake, mikono haina cha kupakata. Sikuvuka maili arobaini kwa saa. Malori yalitupita yakipiga honi, bibi mmoja akanionyesha kidole. Cubaka hakunihimiza; tulikuwa tumeambiwa pole pole.

Karibu na mji wa Erie simu ya Cubaka ikaita. Ilikuwa kwenye dashibodi, jina la Josiane likiwaka. Cubaka aligeuza uso akatazama nje, upande wa ziwa, ambako hakukuwa na kitu cha kuonekana. Iliita mpaka ikachoka. Nikapunguza mwendo zaidi. Ikaanza tena.